Rejista, EMS au kurieri? Kutuma barua inayofuatilika ukiwa ugenini

Swali: Niko safarini katika nchi ya kigeni. Nina hati nilizotia saini ambazo lazima zimfikie wakili wangu katika nchi nyingine, pamoja na zawadi mbili ndogo za ndugu yangu aliye huko huko. Kampuni ya kurieri imenitajia bei inayokaribia nauli ya ndege. Posta nako kuna huduma tano au sita, na mimi na karani tunaelewana kwa ishara. Nataka namba ya kufuatilia, ila sitaki kumaliza pesa zote za safari. Nichukue ipi? Na mzigo ukipotea nikiwa nimeshaondoka, nitamdai nani?

Jibu: Kwanza ondoa zawadi kwenye bahasha ya hati. Hati ziende peke yake kwa barua ya rejista, na zawadi ziende kwenye kifurushi kidogo chenye ufuatiliaji. Najua inaonekana kama kulipa mara mbili, lakini mara nyingi jumla yake hubaki chini sana ya bei ya kurieri, na hati zako zitafika mapema kuliko zikichanganywa na zawadi.

Sababu ni ya kikanuni. Posta za nchi 192 zinafuata kanuni za Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoanzishwa mjini Bern mwaka 1874, na tangu Januari 2018 kanuni hizo zinatenganisha barua zenye hati na barua zenye bidhaa. Karatasi zenye maandishi ni hati. Ukitia humo hata kishikio cha funguo, bahasha nzima inageuka kuwa bidhaa: inahitaji tamko la forodha, inahitaji taarifa zake zitangulie kwa njia ya kompyuta kabla haijapanda ndege, na ikifika inaweza kulala kwenye meza ya ofisa wa ushuru. Bahasha ya hati tupu kwa kawaida haipiti kwenye mlolongo huo. Kwa nini karatasi za wakili zisubiri foleni kwa ajili ya skafu?

Sasa tuje kwenye neno "kufuatilia", maana humo ndimo watu wanakolipishwa wasichohitaji. Msafiri anayesema anataka mzigo wake ufuatilike huwa anataka moja kati ya mambo haya: ushahidi kwamba ametuma, kuona mzigo umefika wapi, saini ya aliyepokea, fidia ukipotea, au mwendo wa haraka. Kila moja lina bei yake. Kurieri anakuuzia yote matano kwa mkupuo, uwe unayataka au huyataki. Rejista inakupa ushahidi wa kutuma, saini wakati wa kukabidhi, fidia ndogo na ufuatiliaji wa kiasi. Haikupi mwendo, kwa sababu barua ya rejista inasafiri kwenye mifuko ya posta pamoja na barua nyingine za ndege. Zipo pia huduma za "kufuatiliwa" tu, zisizo na saini, ambazo posta nyingi zinaziuza kwa vifurushi vidogo. Hizo huonyesha hatua nyingi zaidi njiani lakini kifurushi kinaweza kuachwa mlangoni bila mtu kutia saini. Kwa hati za wakili, saini ndiyo muhimu. Kwa zawadi, hatua za njiani zinatosha.

Fidia isikuvutie kwa upande wa hati. Kiwango cha kimataifa cha barua ya rejista iliyopotea ni SDR 30, ile sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani takriban dola 40 za Marekani. Hiyo haikurudishii saini ya shahidi wala muhuri. Kinga halisi ya hati ni kuchukua picha safi za kurasa zote kabla ya kufunga bahasha, na ikiwezekana kutia saini nakala mbili halisi na kubaki na moja. Tena muulize wakili kama kweli anahitaji karatasi yenyewe. Baadhi ya ofisi hukubali nakala iliyopigwa skani ili kazi ianze, na ile halisi ikaja baadaye kwa mwendo wake. Ukipata ruhusa hiyo, hakuna tena sababu ya kununua mwendo wa haraka.

Kabla hujalipa, itazame namba yenyewe. Namba ya kimataifa ya posta ina herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo unakotoka. Wengi hudhani zile za mwisho ni za nchi inakokwenda, halafu wanahangaika kwa nini "nchi imekosewa". Herufi ya kwanza ndiyo inayokuambia ulichonunua. R ni rejista. E ni EMS, huduma ya haraka ya posta. C ni kifurushi cha kawaida, kile kikubwa. V ni barua yenye bima. L ni barua au kifurushi kidogo kinachofuatiliwa bila rejista.

Halafu kuna U, na hii imewaliza wasafiri wengi. Kifurushi kidogo cha bei rahisi kabisa nacho hubandikwa barikodi siku hizi, na namba yake huanza na U. Barikodi hiyo ipo kwa ajili ya forodha, ili taarifa za mzigo zilingane na mzigo wenyewe. Si namba ya ufuatiliaji. Ukiiweka mtandaoni inaweza kuonyesha kwamba imepokelewa, pengine na kwamba imeondoka, kisha kimya cha moja kwa moja, nawe huna haki ya kufungua uchunguzi wala kudai chochote. Karani hakukudanganya; ulimwonyesha barikodi, ukauliza kama ina namba, akajibu ndiyo. Kwa hiyo huna haja ya kujua lugha yake kwa hili. Tazama stika kabla ya kulipa: ukiona U, tikisa kichwa, andika R kubwa kwenye karatasi na umwonyeshe.

Risiti nyingi za posta huchapwa kwenye karatasi ya joto, ambayo hufifia ikikaa mfukoni au juani. Ipige picha ukiwa bado dirishani. Ikishafifia na tarakimu moja haisomeki, kuna hila ya kuipata. Tarakimu ya tisa ni ya uhakiki, inatokana na zile nane za mwanzo. Chukua mfano wa 61503824. Zidisha kila tarakimu kwa mpangilio huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Unapata 48, 6, 20, 0, 9, 40, 18 na 28, jumla 169. Gawanya kwa 11, baki ni 4. Toa baki hilo kwenye 11, unapata 7, kwa hiyo namba kamili ni 615038247. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Ikiwa tarakimu moja imefutika, jaribu 0 hadi 9 mahali pake; moja tu, au mara chache mbili, ndiyo itakayokubaliana na ile ya uhakiki. Hesabu hiyo hiyo itakuambia pia kama ulinakili vibaya.

Kwa zawadi, mizani ndiyo bosi. Kifurushi kidogo kinachosafiri kama barua kina ukomo wa kilo 2, na vipimo vyake (urefu, upana na kimo vikijumlishwa) visizidi sentimita 90, pasiwe na upande unaozidi sentimita 60. Ukivuka kilo 2 hata kwa gramu chache, unahamia bei ya vifurushi vikubwa, na ruko hilo la bei huwa kali. Ndani ya kilo 2 pia kuna ngazi za bei, nazo hutofautiana nchi kwa nchi, hivyo pima mzigo kabla ya kufunga na uutazame pamoja na jedwali la bei la posta ya huko. Mara nyingi kinachokupandisha ngazi ni boksi lenyewe. Kitu kisichovunjika kinasafiri vizuri kwenye bahasha ya plastiki au yenye mapovu, na boksi la duka libaki huko huko. Kwa bahasha ya hati, tatizo huwa unene kuliko uzito: posta nyingi hutoza barua kwa umbo, na bahasha ngumu isiyopinda au iliyofura katikati hupandishwa daraja. Ondoa klipu za chuma na mafaili ya plastiki.

Kurieri wao wana mizani ya pili usiyoiona. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5000, na jibu wanaliita kilo. Likizidi uzito halisi, unalipia hilo. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 lenye skafu ya gramu 300 ndani linatozwa kama kilo 4.8. Huenda ndiyo sababu ya ile bei iliyokushtua, kama uliwaonyesha boksi. Uliza tena kwa bahasha ya hati pekee, na uulize kupitia tovuti badala ya dukani. Madalali wa mtandaoni hununua nafasi kwa jumla kutoka kampuni hizo hizo na kuziuza kwa bei ya chini kuliko ya kaunta. Mimi ningemlipa kurieri katika hali mbili tu: kuna tarehe ya mahakama au ya viza isiyosogezwa, au posta ya nchi inakokwenda inajulikana kwa kusuasua. Na kumbuka kurieri kwa kawaida hawapeleki kwenye sanduku la posta. Kama wakili anatumia sanduku, rejista itamfikia kwa kikaratasi cha kumwita dirishani; kurieri atataka jina la mtaa, jengo na simu.

EMS iko katikati. Ni huduma ya haraka ya posta zenyewe, kila nchi ikiwa na jina lake la kibiashara kwa huduma hiyo, lakini mzigo bado unakabidhiwa kutoka posta moja kwenda nyingine mpakani. Upande wa kwanza utaona kasi uliyolipia. Upande wa pili utapata kasi ya posta ya huko, iwe nzuri au mbaya. Sipendi kuipendekeza kwa hati zisizo na haraka.

Kabla ya kwenda dirishani, fungua tovuti ya posta ya nchi uliyopo. Katika nchi nyingi lebo inayonunuliwa mtandaoni ni rahisi kuliko ya dirishani, na unajaza majina kwa utulivu bila foleni kukupumulia kisogoni. Shida ya msafiri ni kwamba baadhi ya tovuti zinakataa kadi ya benki ya nje au zinataka lebo ichapwe. Mapokezi ya nyumba ya wageni wanaweza kukuchapia. Hapo hapo hakikisha huduma unayoitaka inafika nchi inakokwenda. Ufuatiliaji wa L hutegemea makubaliano kati ya posta na posta, na haupo kwa kila jozi ya nchi. Na kama safari yako inapita nchi zaidi ya moja, linganisha bei ya rejista ya kila nchi kabla ya kutuma, kwa sababu tofauti inaweza kuwa kubwa mno. Pengine bahasha ikisubiri siku nne kwenye begi lako inakugharimu nusu. Usidhani pia kwamba kila nchi bado ina posta uliyoizoea: nchini Denmark, PostNord, posta ya huko, iliacha kabisa kusambaza barua mwishoni mwa 2025, na kazi hiyo ikabaki kwa kampuni ya DAO.

Fomu ya forodha ya zawadi ni CN22 kwa kitu cha thamani isiyozidi SDR 300, na CN23 ikizidi hapo. Kosa linalochelewesha mizigo kuliko yote ni kuandika "zawadi" kwenye sehemu ya maelezo. Zawadi ni sababu ya kutuma, nayo ina kisanduku chake cha kutia alama. Kwenye maelezo andika kitu chenyewe, kwa Kiingereza au lugha ya nchi inakokwenda: skafu ya pamba, 1, gramu 150, thamani fulani, bangili ya mbao, 1, gramu 60. Thamani iwe ya kweli. Ukiishusha ili ndugu asilipe ushuru, fidia nayo imeshuka, na ofisa akishuku anaweza kufungua na kukadiria mwenyewe. Zawadi kutoka mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi zina msamaha katika nchi kadhaa: Umoja wa Ulaya hadi euro 45, Uingereza hadi pauni 39, Marekani hadi dola 100. Huo wa Marekani umekuwa muhimu zaidi tangu tarehe 29 Agosti 2025, pale msamaha mpana wa dola 800 uliposimamishwa. Duka likikutumia kifurushi moja kwa moja, hiyo si zawadi machoni pa forodha, hata ukiweka kadi ya salamu.

Usitie fedha taslimu, vito, wala manukato. Betri za lithiamu zinaruhusiwa tu zikiwa ndani ya kifaa chake. Chaja ya kubebeka ya simu ni betri yenyewe, kwa hiyo itakataliwa, au mbaya zaidi, mzigo mzima utazuiwa baada ya wewe kuondoka.

Anwani ya mtumaji ndiyo inayowachanganya wasafiri kuliko kitu kingine. Ukiandika ya nyumba ya wageni, mzigo ukirudi utakuta umeshahama. Ukiandika ya nyumbani kwako katika nchi nyingine, posta nyingi hazitakubali, kwa kuwa mzigo hurudishwa ndani ya nchi ulikotoka. Kwa hati, tafuta mtu wa kudumu: mwenyeji, rafiki, ofisi ya kampuni uliyokuja kuitembelea, na umwombe ruhusa. Kwa zawadi, hasa ukituma kama kifurushi kikubwa, fomu inakuuliza kifanyike nini kisipopokelewa. Chagua kitelekezwe, maana kurudishwa kunaweza kutozwa tena. Barua pepe na simu ziwe zako, zile zitakazoendelea kufanya kazi ukivuka mpaka. Laini ya simu ya mtalii itakufa kabla ya bahasha kufika.

Upande wa mpokeaji, andika jina la nchi kwa herufi kubwa kwenye mstari wa mwisho, kwa lugha ya nchi uliyopo na kwa Kiingereza au Kifaransa. Kama huko wanatumia mwandiko tofauti, mwombe wakili akutumie anwani kwa mwandiko wao, uichape na uibandike chini ya ile ya herufi za Kilatini. Simu ya mpokeaji ianze na msimbo wa nchi.

Ukishatuma, kimya kitakuja, na mahali pake panajulikana. Namba itaonyesha kupokelewa, kisha kufika kwenye ofisi ya kubadilishana mizigo ya kimataifa, kisha kuondoka hapo. Baada ya hapo mfuko uko kwenye ndege au unasubiri ndege, na hakuna mtu anayeskani bahasha moja moja hadi mfuko ufunguliwe nchi ya pili. Wiki moja au mbili bila habari katika sehemu hiyo ni kawaida. Ikionekana imefika nchi ya pili, hamia kwenye tovuti ya posta ya huko na uweke namba ile ile. Mara nyingi inaonyesha hatua ambazo ya kwanza haizionyeshi, kama vile kuzuiwa forodha au kujaribu kukabidhi bila mafanikio. Hapo mpigie ndugu au wakili mwenyewe, kwa sababu posta huweka mzigo kwa muda mfupi kabla ya kuurudisha.

Kuhusu kudai: una miezi sita kuanzia siku inayofuata siku ya kutuma. Ikipita hiyo, haki imekwisha hata kama una risiti yenye muhuri. Mdai ni mtumaji, na anayedaiwa ni posta iliyopokea mzigo kutoka kwako, kwa hiyo kabla ya kuondoka tafuta kwenye tovuti yao fomu ya uchunguzi ya mtandaoni na uihifadhi. Ukiona itakuwa taabu kufuatilia kutoka mbali, unaweza kumwachia mpokeaji haki ya kulipwa kwa maandishi, naye akadai upande wake. Wanachotaka ni namba, picha ya risiti, maelezo ya kilichokuwamo na uthibitisho wa thamani. Risiti ya dukani ya zile zawadi nayo ihifadhi.

Kwa rejista ya ndege, ningefungua uchunguzi namba ikikaa wiki nne bila kusogea. Posta wenyewe huchukua muda kujibizana, na ile miezi sita inahesabu siku za likizo pia.